Mlinzi wa Msitu na Haki Yake

Aliyetunza mali kwa vizazi vingi hastahili sadaka, anastahili haki. Sadaka hutolewa mtoaji apendapo, na hukatwa apendapo. Haki ni deni, na mdaiwa hana hiari ya kulipa au kutolipa. Tofauti hii yaonekana wazi katika mashaka ya Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya.

Waogiek ni warina asali. Mzinga hutundikwa mtini na nyuki hutafuta maua. Akataye mti hukata riziki yake. Hata hivyo, mwaka 2009 walipewa siku 30 watoke msituni, kwa hoja kwamba Mau ni chemchemi ya mito na lazima ihifadhiwe. Hapana shaka Mau ni chemchemi. Mto Mara hutoka huko. Lakini thamani ya maji haikuwa ushahidi wa kosa la mrina asali. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, iliamua kuwa uharibifu wa msitu hauwezi kubandikwa juu ya Waogiek, na kwamba kuwafukuza kulivunja haki zao. Mwaka 2022 iliamuru walipwe shilingi 157,850,000, wapewe hati ya ardhi yao kwa pamoja, na washauriwe katika mambo yao. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena.

Siku hizi misitu hutafutiwa fedha kwa kuwa hunyonya hewa ya ukaa inayozidisha joto la dunia. Katika mkutano wa Glasgow, mwaka 2021, wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa wenyeji wa asili na jamii zilindazo misitu. Katika fedha zilizotolewa mwaka ule wa kwanza, kiasi cha 7 tu katika kila 100 kilifika moja kwa moja kwa vyama vyao.

Yamkini itasemwa kuwa watu wa msituni hawajazoea hesabu za fedha nyingi. Hesabu hufundishika. Aliyeaminiwa miti na mababu zake, akairithisha ikiwa hai, ametoa dhamana kubwa kuliko saini ya karani. Tena, fedha imfikiayo mtu aliyekwisha kufukuzwa humlipa kwa kazi ambayo amenyimwa. Basi ulipaji wa haki una mpango wake: kwanza ardhi, pili shauri, tatu fedha. Ukipinduliwa, deni hugeuka sadaka, na mlinzi hugeuka mwombaji mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.