Mkono Uliofumbata Hewa

Kijana mmoja, mtoto wa mwalimu wa Pande katika Wilaya ya Kilwa, aliyekuwa amerudi likizo kutoka Dar es Salaam, alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mjini alikuwa amevikwa miwani ile ifungayo macho na kumwingiza mtu katika ulimwengu wa picha, ambao wengine huuita uhalisia pepe. Humo alimpiga mtu ngumi hata akaanguka. "Padre," akasema, "ngumi ilikuwa yangu, lakini mtu hakuwapo. Je, nimetenda nini?"

Wapenzi wasomaji, swali hili si la kitoto. Katika michezo ya awali mchezaji alibonyeza kitufe, na sanamu ndani ya kioo ndiyo iliyopiga. Kitufe si ngumi. Lakini siku hizi viko vishikio, kama vile vilivyotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Valve ya Marekani, ambavyo hufungwa mkononi kwa ukanda hata mtu aweza kukunjua kiganja bila kuviangusha. Kila kimoja kina vihisio 87. Baadhi yake hutambua badiliko dogo la umeme nyama ya kidole inapokaribia, vingine hupima nguvu ya kufumbata. Kwa hesabu hizo chombo chakisia kila kidole kimekunjwa kiasi gani, na mkono wa picha hukunjwa vivyo hivyo. Sababu ya kukikunja kidole, hiyo chombo hakina namna ya kuipima.

Nasi twaanza papo hapo penye sababu. Wanafalsafa wa Kanisa wametofautisha tangu zamani mambo yatokeayo tu ndani ya mtu, kama kupepesa macho, na matendo ayatendayo kwa kujua na kutaka. Ngumi ya kijana yule ilikuwa ya kutaka. Lakini alitaka nini? Alitaka kucheza, kama watoto wawili wanaopigana mieleka mchangani kisha wakaenda kula pamoja. Hapo hatuoni dhambi, nasi tulimwambia hivyo. Tuseme, hata hivyo, kwamba ndani ya miwani amempa adui wake wa kweli ile sura, akamfuata usiku baada ya usiku, akifurahi kumwona akianguka. Jirani hakuumia, wala hajui lolote. Lakini Bwana wetu, katika hotuba ya mlimani, aliitafuta hasira moyoni kabla haijafika mkononi. Chuki yaweza kukamilika bila kumfikia mtu yeyote.

Basi, tuligeuze swali. Je, wema nao waweza kukamilika hivyo?

Mkabala na Pande kuna kisiwa cha Songo Mnara, chenye magofu ya mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukakaliwa tangu karne ya 14 hata ya 16. UNESCO iliyaandika magofu hayo pamoja na ya Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayatia katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014. Kuta zake zimekwisha kupimwa kwa miale ya leza na Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa hiyo si ndoto kusema kwamba mtu aliyeketi Ulaya ataweza kutembea humo kwa miwani. Sisi twalifurahia jambo hilo. Mzee asiyeweza kupanda chombo ataona alichonyimwa na miguu yake, na ukuta hautabomolewa na wageni wengi.

Lakini wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta kando ya makaburi ya kisiwa hicho vijiwe vyeupe na sarafu za shaba. Mtu alikuja na kitu mkononi, akakiacha, akaondoka bila kitu hicho. Mgeni wa miwani aweza kuokota kijiwe cha picha, akakiweka juu ya kaburi la picha kwa vidole vilivyofuatwa kwa uaminifu wote. Akivua miwani, hana alichopungukiwa. Mtakatifu Yakobo alimkemea mtu amwambiaye maskini aende akaote moto na kushiba, asimpe nguo wala chakula. Hata mtu huyo huenda alitamani kweli maskini ashibe!

Mwenzetu mmoja alitupinga kwa maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorinto, kwamba nia ikiwapo, hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu. Ni kweli, na aliyelala kitandani asiweze kuinua mkono atakubaliwa kwa nia yake. Lakini mwenye mikono miwili mizima, na jirani mlango wa pili, hawezi kujificha nyuma ya mgonjwa yule. Kwa sababu hiyo twaona kwamba mizani ya ulimwengu huo wa picha haiko sawa: uovu wa moyo waweza kutimilika humo wote, bali huruma hubaki mazoezi tu mpaka itoke nje na kumfikia mtu.

Tulimwuliza kijana kama amewahi kufika Songo Mnara. Akajibu kwamba ameiona katika simu. Kesho yake, maji yalipojaa, tulivuka naye, tukashuka penye mikoko na kutembea matopeni mpaka kwenye magofu. Akaweka kiganja ukutani. Chokaa ikapukutika kidogo, ikabaki vidoleni mwake, naye akauondoa mkono upesi.