Mahali Patupu

Miongoni mwa sifa ambazo mwanadamu huzitamani, sifa ya kuwa wa kwanza kufika mahali ina utamu wa peke yake. Mwaka 1858 John Hanning Speke alimwacha mwenzake Burton huko Kazeh, karibu na mji wa Tabora wa leo, akashika njia ya kaskazini mpaka, mwanzoni mwa Agosti, akaliona ziwa kubwa upande wa Mwanza. Akalipa jina la malkia wake, na vitabu vikaandika kwamba ziwa limegunduliwa. Walakini wenyeji walikuwa na jina lao la ziwa hilo, na wavuvi walikuwa wakila jasho lao humo tangu zamani. Basi siku ile kiligunduliwa nini? Hapana shaka Speke alijua jambo ambalo watu wa kwao hawakulijua. Lakini kujua baada ya wengine ni kujifunza, na mwenye kujifunza hana budi kumheshimu aliyemtangulia.

Swali hili halikuzikwa pamoja na wasafiri wa karne ya 19. Hurudi kila msimu wa upepo, katika jambo lionekanalo dogo: mchezo wa ubao wa tanga. Mchezo huu ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1960, na mwaka 1984 ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Mchezaji husimama juu ya ubao, hushika tanga kwa mikono miwili, akateleza juu ya maji kwa nguvu ya upepo tu. Ndugu yake mdogo ni ubao uvutwao na tiara kubwa. Wapenzi wa michezo hii hufunga mbao zao juu ya motokaa, wakaifuata pwani kituo kwa kituo wakitafuta mahali pazuri.

Mahali pazuri pana masharti yake. Upepo sharti uwe wa kudumu: kaskazi, toka Desemba hata Machi, au kusi, ambayo hushika nguvu toka Juni hata Septemba, kati ya hizo mbili pana siku za tanga mbili, ambazo mchezaji huweza kukaa ufukoni akitazama maji yaliyolala. Upepo utokao nchi kavu ni hatari, kwa kuwa humpeleka mtu bahari kuu. Uvumao ubavuni mwa pwani ndio mwema. Tena yatakiwa mwamba wa mbele wa kuvunja mawimbi, maji yaliyotulia nyuma yake, na mchanga usio na miiba ya urumba. Diani na Watamu katika Kenya, Paje na Jambiani katika Unguja, husifiwa kwa kuwa na mengi ya hayo.

Masharti yote haya hujulikana kwa macho na ngozi. Liko moja lisilojulikana hivyo, nalo ndilo zito: je, mahali hapa panapoonekana patupu, ni patupu kweli?

Jibu la swali hilo la bahari hupatikana pia mahali pasipo bahari. Tinde, katika mkoa wa Shinyanga, ni njia panda. Barabara moja huja kutoka Nzega, nyingine huenda Shinyanga mjini na Mwanza, ya tatu huelekea Kahama. Malori hupita usiku na mchana, na mpita njia akitazama dirishani wakati wa kiangazi huona pande za nyasi ndefu zisizo na ng'ombe, zisizo na ua, zisizo na mlinzi. Hudhani ni nchi isiyo na mwenyewe. Kumbe ni ngitili. Wasukuma hulifunga eneo la malisho mvua zianzapo, wakaliacha likue, ili kiangazi kikiwa kikali ndama na ng'ombe wadhaifu wapate cha kula. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji. Mipaka yake imo katika maneno ya watu, na avunjaye hujibu mbele ya wenzake. Desturi hii ilikuwa karibu kupotea pamoja na miti iliyofyekwa kwa vita dhidi ya mbung'o, kwa mashamba ya pamba na kwa kuni; mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ukaijengea juhudi zake juu ya desturi hiyo hiyo, na misitu ikarudi.

Ngitili hufundisha kwamba utupu wa mahali mara nyingi haumo katika mahali penyewe, bali katika macho ya mgeni. Pale ambapo mgeni haoni kitu, mwenyeji huona chakula cha mwezi wa tisa.

Sasa vijana wa Tinde na wafunge safari. Wapite Singida, Dodoma na Chalinze, wakate kwenda Tanga, wavuke mpaka Horohoro, wafike Diani, wapande kivuko cha Likoni, waendelee hata Malindi. Au washuke Dar es Salaam, wavuke kwenda Unguja, wafike Paje maji yakiwa yamejaa. Mbele yao patakuwa na bahari ya rangi ya feruzi, tambarare, yenye upepo wa ubavuni. Watasema, "Tumepata." Lakini na wangoje saa sita. Maji ya bamvua yakitoka, sakafu ya bahari itafunuka na juu yake mistari ya vijiti na kamba: mashamba ya mwani, yanayolimwa kibiashara katika pwani hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Pezi la ubao likikata kamba moja, limekata kazi ya wiki kadhaa, na aliyekata huenda asijue kamwe, maana alipita juu ya shamba lililofunikwa.

Watetezi wa uhuru wa bahari wana hoja, na haifai kuzidharau. Husema kwamba bahari ni ya Mungu na upepo hauna hati. Husema kwamba mwani wenyewe ni mgeni, usiotimiza hata miaka 50 pwani hapo. Husema kwamba fedha za wageni hulipa ada za shule. Hayo yote ni kweli. Kama haki ingekuwa ya aliyetangulia tu, mkulima wa mwani naye angeshindwa na mwokota chaza na mvuvi wa pweza.

Basi kipimo cha haki kitafutwe kwingine: ni nani awezaye kusogea? Mchezaji akihama hatua mia tatu, hupoteza robo saa. Mkulima akihama hupoteza vijiti, kamba na mavuno. Joto la maji limekwisha kuua mwani wa bei nzuri katika maji haba, na kumlazimisha mkulima atazame maji marefu. Na wengi wa wanawake hao hawakufundishwa kuogelea. Anayecheza na ampishe anayekula kwa mahali hapo. Kufanya hivyo ni kulipa deni, wala si hisani, na deni hilo halifutwi na fedha alizolipa hotelini, kwa kuwa aliyepokea fedha si lazima awe ndiye aliyekatiwa kamba.

Linabaki swali la siri. Aliyepata mahali pazuri, afiche au atangaze? Kuficha ni uchoyo uliovaa joho la hekima: mtu hujifanya mlinzi wa pwani, naye hulinda raha yake. Kutangaza ovyo nako ni kuliita kundi katika ngitili ya mtu mwingine. Njia ya haki ni kusema yote pamoja: upepo huvuma hivi, mwamba uko hapa, mashamba yapo pale, na kabla ya kushusha ubao mwulize fulani. Habari ya mahali isiyo na habari ya watu wake ni nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo iletayo madhara.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni njoo uone. Waliweka kupona kwa mwenyeji kuwa ndiko kipimo cha ujio wa mgeni. Upepo wa kusi utavuma kwa mwenye tanga na kwa asiye na tanga, wala haumwulizi mtu asili yake. Kuuliza ni kazi ya mwanadamu. Yule afikaye ufukoni akauliza kabla ya kutweka tanga, huyo, hata akiwa mtu wa elfu kufika, amepata jambo ambalo wa kwanza wengi walilikosa.