Nani Atakuambia Umeitwa?

Nguzo za umeme za Dar es Salaam siku hizi hazikosi bango la semina: gundua kusudi lako, fungua hatima yako, kiingilio lipia kwa simu. Sina ugomvi na wahubiri wa viwanjani. Nawajua watu walioacha pombe huko. Kinachonikera ni dhana kwamba wito ni siri iliyofukiwa ndani ya mtu, na kwamba akiichimbua ataikuta imeandikwa kuwa yeye ni kiongozi wa mataifa. Sijakutana na hata mmoja aliyetoka semina akasema ameitwa kufagia kanisa.

Nasi Wakatoliki tuna kilema chetu. Tangu Papa Paulo VI alipoanzisha siku ya kuombea miito mwaka 1964, huwa tunaiombea Jumapili ya Mchungaji Mwema, na mara nyingi maombi yetu huishia seminarini na utawani, kana kwamba Mungu akishapata mapadri na masista wa kutosha, wengine hana kazi nao. Ilhali katika Kutoka 31, mtu ambaye Mungu anasema amemjaza roho yake si kuhani. Ni Bezaleli mwana wa Uri, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Na Luther, ambaye kwetu hanukuliwi mara nyingi, aliandika mwaka 1522 kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani humfurahisha Mungu. Ujumbe huo sijausikia bado katika umoja wa wanaume wa parokia yetu.

Namfahamu katekista mmoja wa kigango cha milimani, ambako padri hufika kwa nadra. Kazi yake ya kumpatia ugali ni uashi. Katekista wa zamani alipougua, wazee walimtazama yeye wakamwambia anasoma vizuri, asimame mbele Jumapili. Hakuulizwa ana ndoto gani. Miaka imepita, ameongoza ibada, amefundisha watoto wa komunyo ya kwanza, amezika watu akiwa na vumbi la saruji kwenye viatu. Nilipomuuliza ni lini alijua ameitwa, alionekana kulishangaa swali lenyewe. Jumuiya ilijua kabla yake, basi.

Julius Nyerere naye namwona katika mwanga huo. Alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 ikambidi achague kati ya darasa na TANU. Akaacha kazi na mshahara wake. Lakini wananchi hawakukubali aache ualimu: wakamwita Mwalimu akiwa waziri mkuu, wakamwita hivyo akiwa rais, na hata sasa, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1999, ukisema Mwalimu bila kuongeza jina kila mtu anajua unamtaja nani. Unaweza kubishana na siasa zake, hasa namna watu walivyohamishiwa vijijini. Mimi nabishana nazo. Hata hivyo, mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulipoanza mwaka 2005, Kanisa lilikuwa linachunguza maisha ya mume na baba wa watoto, mwanasiasa, na hilo lilipaswa kuwashtua zaidi wanaodhani wito huanzia kwenye kanzu.

Utaniambia watu nao hukosea. Kweli, hukosea sana. Wapo wavulana waliosukumwa seminarini kwa sababu ukoo ulitaka heshima ya kuwa na padri, na wasichana walionyimwa utawa kwa sababu mahari ilikuwa imeshahesabiwa. Kwa hiyo haitoshi kwamba mwingine amekuona. Lazima tuulize anapata nini.

Hapo ndipo ninapompenda mzee Eli, pamoja na kasoro zake zote za malezi. Samweli aliitwa usiku, akamkimbilia mara tatu akidhani ndiye aliyemwita. Kijana alikuwa na masikio, ila hakujua anachokisikia. Aliyetambua ni mzee asiyeona vizuri. Na ujumbe wa kwanza aliopewa Samweli ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Asubuhi mzee alimbana kijana amweleze yote, na alipokwisha kuyasikia hakumfukuza hekaluni wala hakumwambia kwamba alikuwa anaota.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita na ananiomba kiingilio cha semina pamoja na nauli. Nauli nimempa, ila ni ya kwenda Njombe, kwa mama aliyemfundisha shule ya msingi. Mama huyo hamdai chochote wala hatarajii kitu kutoka kwake. Atamwambia alichokiona kwake tangu utotoni, hata kama ni kwamba ndoto yake ya urubani aachane nayo.