Makofi ya Golini

Mdogo wangu alikuwa golikipa hodari kuliko wote mtaani, na mimi ndiye niliyemsimamisha golini. Kabla ya hapo alikuwa akicheza rede na wasichana. Alijua kuukwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa, bila papara. Baba alikuwa akipita hasemi kitu, anakohoa tu. Mimi nilikielewa kile kikohozi. Nilikuwa na miaka 13, yeye 9.

Sikumpiga. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa utetezi wangu. Nilimpeleka kwenye chandimu, na kila alipodaka nilipiga makofi na kupaza sauti: "Dume hilo!" Baba akaanza kuzungumza naye tena mezani, akamnunulia na raba.

Leo yeye ni mwanamke transjenda. Mwaka jana nilianza kusimulia ile siku alipodaka penalti tatu, akanikatiza: "Kaka, huyo ni mtu uliyemtaka wewe."

"Lakini ulikuwa unafurahi."

"Nilifurahi kwamba mmenifurahia."

Nilimkumbuka Caitlyn Jenner. Mwaka 1976, huko Montreal, akiwa bado anajulikana kama mwanaume, alishinda dhahabu ya dekathloni, ile michezo kumi, na kuweka rekodi ya dunia. Marekani ikamfanya mfano wa mwanaume kamili. Alipojitambulisha hadharani kuwa mwanamke mwaka 2015, wapo walioirudia medali ile kama ushahidi dhidi yake. Lakini medali inathibitisha mazoezi. Haithibitishi aliyefanya mazoezi ni nani.

Utaniambia malezi yote ni kusukuma. Ni kweli, watoto tunawasukuma hata waende shule. Swali langu ni hili: mtoto akikataa, anapoteza nini? Mtoto akishindwa hesabu, tunamgombeza, na jioni anakula nasi kama kawaida. Mdogo wangu angeukataa mpira, angeipoteza sauti ya baba yake. Mtoto wa miaka tisa hawezi kulipa bei hiyo, na mimi niliijua. Ndiyo maana siwezi tena kusema kwamba alichagua mwenyewe. Fimbo angeweza kuilalamikia, walau kimoyomoyo. Makofi angeyalalamikiaje?

Kiswahili kilikuwa kimenipa neno zuri, "mdogo wangu", lisilouliza kama ni wa kike au wa kiume. Nililitumia wakati ule na ninalitumia sasa, bila kubadilisha herufi. Neno lilimtosha tangu mwanzo. Ni mimi niliyeona halitoshi, nikaongeza "dume".

Nilimuuliza kama niache kabisa kuisimulia ile mechi. Alifikiri kidogo.

"Isimulie," akasema. "Nilidaka kweli. Ila ukifika kwenye penalti ya tatu, waambie nilikuwa nawaangalia wasichana nyuma ya goli, chupa yao ilikuwa inakaribia kujaa."

Basi, nimewaambia.