Kidirisha cha Kamera na Haki ya Anayetazamwa

Wapenzi wa kamera za zamani za filamu wana mjadala wao usiokwisha. Ipi bora, Leica au Contax? M3 au M2? Ya Kijerumani, au zile zilizofuatishwa baadaye katika Muungano wa Kisovieti? Aghalabu mjadala huo huendeshwa kwa lugha ya fundi: ukali wa lenzi, ulaini wa pazia, uzito wa chuma mkononi. Lugha hiyo ni halali, na asiyeijua asikimbilie kuidharau. Walakini ndani yake mmejificha swali jingine lisilo la ufundi. Mtu anapochagua chombo cha kuwatazamia wenziwe, anajichagulia pia mahali pa kusimama mbele yao. Atakuwa karibu nao au mbali? Ataonekana, au ataona bila ya kuonekana? Na akiulizwa ni kwa idhini ya nani amechukua sura ya mtu, atakuwapo kujibu?

Mshairi hatashangazwa na swali la namna hii. Mwenye kuchagua utenzi wa mizani nane hakuchagua idadi ya silabi tu. Amechagua pumzi, mwendo, na mambo ambayo hatoweza kuyasema kwa namna nyingine. Kila chombo huja na ukomo wake, na ukomo huo nao ni sehemu ya kile mtu anachokitaka.

Kamera zinazozungumzwa hapa ni zile za kipimamasafa. Ndani ya kidirisha cha kutazamia, mpiga picha humwona mtu mmoja katika sura mbili, moja dhahiri na moja hafifu kama kivuli. Sura ya pili huletwa na kidirisha kingine kidogo kilichowekwa kando, kwa kioo kinachogeuka pamoja na lenzi. Lenzi ikizungushwa, kivuli husogea. Sura mbili zikikutana na kuwa moja, umbali umepatikana. Leica ilipata mtambo huo uliounganishwa na lenzi mwaka 1932, miaka saba baada ya kamera ya kwanza ya jina hilo, iliyobuniwa na Oskar Barnack katika kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, kuanza kuuzwa. Mwaka huo huo wa 1932 Zeiss Ikon nao wakatoa Contax yao, na ushindani ukaanza.

Tofauti yake na kamera za kioo, zile zilizokuja kutawala soko tangu miaka ya 1960, ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika kamera ya kioo mtu hutazama kupitia lenzi yenyewe, hivyo huona karibu sawasawa na filamu itakavyoona. Lakini kidole kinapobonyeza, kioo huinuka na jicho huingia gizani. Ule mpepeso uliopigwa ndio hasa ambao mpigaji hakuuona. Kidirisha cha kamera ya kipimamasafa hakitegemei lenzi, kwa hiyo hakizimi. Mpigaji anamwona mwenziwe kabla, wakati na baada. Gharama yake ni kwamba chombo hiki ni dhaifu kwa mambo ya mbali. Lenzi ya milimita 135 ndiyo ukingo wa uwezo wake wa kawaida. Anayetaka uso wa mtu aliye upande wa pili wa uwanja hana budi kuuvuka uwanja.

Kwa hali hiyo ingeweza kudaiwa kwamba hii ni kamera ya waungwana. Inamlazimisha mwenye nayo kukaribia, na haimfumbi macho katika tendo lake. Historia, hata hivyo, inatoa ushahidi wenye sura mbili, na zisizokutana kwa wepesi kama zile za kidirishani.

Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyezaliwa 1908 na kufariki 2004, ndiye aliyeifanya Leica iheshimiwe kama kalamu. Alipendelea lenzi moja, ya milimita 50, na sehemu za chuma zinazong'aa alizifunika kwa utepe mweusi ili kamera isimsaliti. Kitabu chake cha 1952 kilipotoka kwa Kiingereza kilipewa jina linalotukuza wakati muafaka, na dunia ikalishika hilo. Jina la Kifaransa, Images à la sauvette, halina utukufu huo. Ni usemi unaomwelekea mchuuzi asiye na kibali, auzaye upesi upesi huku jicho moja likimtafuta askari. Katika jina hilo mna ungamo ambalo tafsiri ililimeza. Jambo jingine linajulikana pia juu yake: yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha, na mara nyingi alijikinga uso. Si haki kumwita mnafiki kwa hilo tu. Pengine hakuna aliyejua kuliko yeye ni kitu gani kinachochukuliwa. Lakini mtu aliyejua hivyo, akaendelea kwa miongo kuchukua, anaacha swali wazi.

Upande wa Contax kuna mfano mkali zaidi. Kati ya 1938 na 1941, Mmarekani Walker Evans aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi za New York. Contax yake aliificha ndani ya koti, lenzi ikichungulia baina ya vifungo, na waya wa kufyatulia ukapita ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Walioketi mbele yake walichoka, walisinzia, walitazama utupu, kama watu watazamavyo wanapodhani hawatazamwi. Ni picha za huzuni na za kweli, na wanaozisifu hawakukosea. Ila Evans, ili azipate, alikiacha kidirisha. Alikaa na kamera kifuani bila ya kutazama ndani yake, bila ya kuzikutanisha sura mbili. Alikuwa na kamera bora ya kipimamasafa ya zama zake, na akaitumia kama tundu la mlango.

Kwa mtu wa pwani neno ambalo kisa hiki kinalileta ulimini ni hodi. Mgeni hupiga hodi mlangoni, na akipiga mara tatu asijibiwe, hurudi. Haingii kwa sababu tu mlango haukukomewa. Kiswahili kinatumia kitenzi kile kile kwa hodi na kwa picha, vyote hupigwa, na kitenzi hicho hicho ndicho cha fimbo. Mlio mdogo wa pazia la kitambaa la Leica, unaosifiwa kwa upole wake, husikika wakati mgeni ameshaingia na ameshatoka. Nayo Contax ya Evans ilizamishwa katika kelele za treni. Wanaosifu ukimya wa kamera wangefaa waulize ukimya huo unamhudumia nani. Mara nyingine unamhudumia anayetazamwa, maana hakatiziwi sala yake, kilio chake wala mazungumzo yake. Mara nyingi unamhudumia anayetazama.

Kuna jambo moja katika mwenendo wa Evans linalostahili kupimwa kwa uzito wake. Picha zile hakuzitoa katika kitabu mpaka 1966, robo karne baadaye, na katika kuchelewa huko mlikuwamo kuwasitiri watu wale. Huko si kupiga hodi. Lakini ni kukiri kwamba kulikuwa na mlango.

Basi je, kamera kubwa inayoonekana ingetatua tatizo? Hoja hiyo husemwa mara kwa mara, nayo ni dhaifu. Mnamo Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja hohehahe akiwa na watoto wake chini ya turubai, kwa Graflex, kamera nzito isiyofichika hata kidogo. Mama aliiona. Picha ikazunguka dunia na kuwa sura ya ufukara wa Marekani. Zaidi ya miaka arubaini ikapita, na mwaka 1978 mwenye uso ule, Florence Owens Thompson, akajitokeza kwa jina lake na kulalamika. Picha haikumpatia senti, na alitamani isingepigwa. Idhini ya kutazamwa kwa dakika chache shambani si idhini ya kuwa nembo maisha yote. Kwa hiyo ukubwa wa chombo haumsafishi mtu, na udogo wake haumchafui. Kinachotakikana ni kwamba aliye nyuma ya kamera asitoweke, si wakati wa kupiga tu, hata baada ya hapo.

Wengine husogeza swali nyuma zaidi, wakauliza kuhusu mikono iliyounda kamera zenyewe. Wana haki, ingawa jawabu hazipatikani kwa urahisi wanaoutarajia. Ernst Leitz wa pili aliwasaidia Wayahudi, wafanyakazi wake na wengineo, kuondoka Ujerumani ya Hitler, na binti yake, Elsie Kühn-Leitz, alikamatwa na Gestapo mwaka 1943 kwa kumsaidia mwanamke Myahudi kukimbilia Uswisi. Kiwanda hicho hicho wakati wa vita kilitumia wanawake walioletwa kutoka Ukraine kwa kazi za kulazimishwa. Huko Ukraine kwenyewe, mjini Kharkiv, nakala za Leica zilianza kuundwa kwa wingi mwaka 1934 katika makao ya watoto wasio na makwao yaliyoongozwa na Anton Makarenko. Zikaitwa FED, kwa herufi za mwanzo za jina la Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwasisi wa polisi wa siri. Vita vilipokwisha, mitambo ya Contax ilichukuliwa kutoka Ujerumani kama fidia, na kamera ile ile ikaendelea kuundwa Ukraine kwa jina la Kiev mpaka miaka ya 1980. Atafutaye kamera isiyo na dhulma wala hisani katika nasaba yake hatanunua yoyote. Ila akinunua, na ajue. Kuna tofauti baina ya kushika kitu ukijua kilikotoka na kukishika kama kwamba kilidondoka mbinguni.

Ndipo uchaguzi wenyewe unaporudi, na sasa vipimo vya fundi vinaanza kusema mengine. Leica M3, iliyotoka 1954, ina kidirisha kinachoonyesha vitu karibu kwa ukubwa ule ule wanaouona macho. Kwa hiyo mpigaji anaweza kuyafumbua yote mawili: jicho la kulia likatazama kidirishani, la kushoto likabaki katika dunia, na fremu ikaonekana inaelea hewani mbele ya watu. Hakuna kamera nyingi zinazomruhusu mtu kupiga picha huku nusu ya uso wake ikiwa wazi, ikitazamika na kuangalika. Aliyesimama mbele yake anaona jicho linalomtazama. Hii ndiyo fadhila kubwa ya M3, na inashangaza kwamba husifiwa kama jambo la starehe tu.

M2, iliyofuata miaka michache baadaye, ni ndugu mnyenyekevu zaidi. Kidirisha chake hupunguza vitu, hivyo fumbo la macho mawili halifaulu vizuri. Badala yake kina fremu ya milimita 35, ambayo M3 haina bila ya kuongezewa miwani maalumu kwenye lenzi. Na anayetumia milimita 50 katika M2 huona eneo pana nje ya mistari ya fremu: bega la jirani, mtoto anayekuja mbio, mkono unaotaka kumzuia. Katika M3 mistari ya milimita 50 huchukua karibu kidirisha kizima. M2 inamwonyesha mpigaji yale anayoyaacha. Hawezi kudai baadaye kwamba hakuyaona, aliyaona, akaamua. Cartier-Bresson, aliyekuwa na msimamo wa kutokata picha zake, aliikata ile mashuhuri ya 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha Saint-Lazare, kwa sababu aliipiga kupitia upenyo wa ua wa mbao na sehemu ya ua iliingia. Kilichoondolewa ni ushahidi wa mahali alipokuwa amesimama.

Kwa hiyo baina ya hizi mbili, anayewapiga watu mmoja mmoja, uso kwa uso, na achukue M3 na asifumbe jicho la kushoto. Anayepita katika mikusanyiko, sokoni, msibani au harusini, ambako kila fremu inamkata mtu fulani nusu, M2 inamfaa zaidi, maana haimfichi wale anaowakata. Wasemao kwamba ni kamera moja kwa bei mbili hawajazitumia kwa watu.

Bei nayo si jambo dogo. M3 iliyotunzwa yaweza kugharimu kiasi cha kununulia Kiev kadhaa, na hakuna sheria ya maadili inayomtaka mtu ajifilisi ili awatazame wenziwe kwa adabu. Kidirisha cha Kiev ni kidogo na hakina mistari. Kinaonyesha eneo la milimita 50 basi, na yaliyo nje lazima mtu ayatafute kwa kuinua kichwa. Waama, kuinua kichwa si hasara. Pazia lake likaguliwe na fundi kabla ya fedha kutolewa, kwani zilizoundwa miaka ya mwisho zina sifa mbaya. Na mwenye kuishika ajizoeze kuviweka vizuri vidole vya mkono wa kulia, maana kile kidirisha cha pili kiko mahali ambapo kidole hupumzika kwa kawaida, na kikizibwa, ile sura ya pili hupotea.