Ukija kwenu Iftin

Wapo vijana wetu waliokulia Minneapolis wanaokuja Garissa kuona kwao. Wakifika mtaa wa Iftin, simu inaelekezwa kwa punda na mkokoteni wake wa madumu ya maji.

Ndugu yangu, tia simu mfukoni kwanza. Muulize mwenye punda alikotoka. Kwenye bulla hizi, yaani mitaa ya hapa, wapo waliokuwa wafugaji hasa, wenye mali yao. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, wakaingia mjini. Mtu wa namna hiyo anastahili salamu kamili.

Kisha nenda kwa shangazi anayeuza maziwa ya ngamia. Nunua, kaa, mtajie majina ya babu zako. Huenda akawa anawajua kuliko wewe.