Anayedaiwa na Marehemu

Mwezi wa kumi mwaka jana, mzee katibu aliondoka kwenye grupu la WhatsApp la kanisa letu. Tulikuwa tumemzika mwezi wa sita.

Hakuna aliyemtoa. Akaunti isipoguswa kwa siku 120 hivi hufutwa yenyewe, halafu kila grupu alilokuwamo mtu linatangaza kwa herufi ndogo za kijivu kwamba ameondoka, kana kwamba amesusa. Muumini mmoja aliyehamia juzi tu, ambaye hakumjua mzee, akauliza: "Kwani amekosewa na nani?" Kimya. Kisha mama mmoja akajibu: "Huyo alitutangulia, mwanangu." Zikamiminika emoji za machozi na za mikono ya kuomba. Dakika kumi baadaye tulikuwa tumerudi kwa michango ya mabati.

Mimi niliyasoma hayo yote nikiwa ndani ya matatu, Thika Road, na sikuandika neno. Ningeandika nini? Katika grupu zima, mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kushusha pumzi kwamba mzee hawezi tena kunitumia ujumbe. Naomba nikueleze sababu yenyewe, maana imenifanya nijiulize swali ambalo sidhani ni langu peke yangu: tunaposema tunawakumbuka waliotutangulia, huwa tunafanya nini hasa? Na tunamfanyia nani?

Kanisa letu ni dogo, liko Kinakomba, kando ya Mto Tana, Hola ukiwa umeipita ukielekea Garsen. Mzee alikuwa katibu wake kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu jeusi. Ukilifungua kwa mbele unakuta michango: nani ametoa nini, kwa ajili ya nani. Ukiligeuza ukalifungua kwa nyuma, unakuta marehemu: jina, jina la baba, tarehe ya kuzikwa. Orodha zote mbili zilikuwa zinasogea kuelekea katikati. Kila Jumapili ya kwanza ya Novemba alisimama mbele akasoma upande wa nyuma, jina baada ya jina, bila haraka, na sisi watoto tukihesabu ni mangapi yamebaki ndipo twende tukale.

Mimi nimo upande wa mbele. Nilipoitwa chuo kikuu, kanisa lilinifanyia harambee. Watu 41 walichanga. Mia mbili. Hamsini. Mkungu wa ndizi, uliouzwa Hola sokoni. Kuku wawili. Debe la maembe. Mzee aliandika kila kitu kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja, kisha akanionyesha ukurasa ule kabla sijaondoka. Hakusema chochote. Alinionyesha tu.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, na nikisema ilikuwa sababu yote nitakuwa nadanganya. Nilichoka. Halafu nilikuwa nimeanza kupata pesa mtandaoni kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, yaani niliacha shule ili nifanye homuwaki za watu wengine. Sikumwambia mtu nyumbani. Kila mwanzo wa mwezi mzee alikuwa ananitumia ujumbe uleule: "Mwanangu, masomo yanaendeleaje? Tunakuombea." Nami namjibu: "Shikamoo mzee. Salama, namshukuru Mungu." Tuliendelea hivyo kwa miezi 14, mpaka akafa.

Baada ya lile tangazo la kijivu, mwenyekiti wa kanisa akanipigia. Novemba inakaribia. Daftari liko kwake. Wameonelea kwamba mwaka huu nisome mimi majina, halafu niseme maneno mawili matatu kumhusu mzee, "kwa sababu wewe ndiye msomi wetu."

Nilikubali, kwa kuwa sikujua jinsi ya kukataa. Nikaanza kusoma nipate la kusema. Tabia ya insha haijanitoka.

John Mbiti, mwanafalsafa na padri wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki 2019, alilifikiria sana jambo hili katika kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy. Alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za hoja yake. Mtu akifa, anasema Mbiti, hatoki kwenye sasa papo hapo. Maadamu kuna aliyemjua akiwa hai na bado anamkumbuka kwa jina, huyo ni mfu aliye hai. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama kwenye zamani.

Kwa watu wa mtoni hoja hii ina uzito wake. Kwetu huwezi kuliamini kaburi. Mto Tana hubadilisha njia, na mafuriko yakija hayaulizi. Ya El Nino ya 1997 yalihamisha vijiji. Yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yakaendelea hadi 2024 yaliwatoa watu majumbani tena. Msalaba wa mbao hauwezi kushindana na maji ya aina hiyo. Jina ndilo linaloweza kubebwa kichwani mtu akikimbilia mwinuko, na daftari la mzee lenyewe lina kurasa zilizokunjamana kwa sababu limewahi kulowa.

Lakini Mbiti ananiachia swali. Kurasa za kwanza za upande wa nyuma zina majina ambayo leo hakuna mtu hai anayeyajua. Kwa hesabu yake, hao wameshazama. Mbona basi mzee alikuwa anayasoma, tena kwa sauti ileile aliyomsomea mkewe mwenyewe?

Søren Kierkegaard wa Denmark, katika kitabu chake cha 1847 kuhusu matendo ya upendo, anatoa jibu moja. Anasema kumkumbuka aliyekufa ni tendo la upendo lisilo na ubinafsi kuliko yote, maana marehemu hawezi kukulipa. Aliye hai ukimpenda, angalau atakutabasamia. Marehemu hata hilo hakupi.

Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza niliipenda. Safari hii nilikwama. Ni kweli mzee hawezi kunilipa. Ila pia hawezi kunidai. Hawezi kuniuliza nimefika mwaka wa ngapi. Ningeweza kusimama mbele ya kanisa, nikamsifu kwa Kiswahili kitamu, akina mama wakalia, nikapongezwa mlangoni, na mtu pekee aliyekuwa ananiuliza swali kila mwezi akabaki amenyamaza kabisa. Kumkumbuka mtu kwa namna hiyo kuna faida kubwa sana kwa anayekumbuka. Tusijidanganye kwamba ni bure.

Na si ajabu kwamba wasifu zetu nyingi ziko hivyo. Umewahi kuhudhuria mazishi ukajiuliza kama umekosea boma? Mlevi anakuwa "mcheshi aliyependa watu". Aliyewatelekeza watoto anakuwa "baba mwenye msimamo". Tunaita heshima. Ninavyoona, mara nyingi ni njia ya kufunga faili mapema.

Huku kwetu tunapaswa kujua hatari ya hilo. Hola, makao makuu ya kaunti yetu, ndiko walikouawa wafungwa 11 wa Mau Mau tarehe 3 Machi 1959, wakipigwa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Maelezo ya kwanza ya serikali ya kikoloni yalikuwa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Kifo kimoja, simulizi mbili, na ile ya uongo ndiyo iliyotangulia kuchapishwa. Ukishuka na mto hadi Golbanti, kule deltani, mmishenari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe waliuawa mwaka 1886 katika uvamizi wa Wamaasai, na pamoja nao waumini wenyeji wa misheni ile. Houghton nimemkuta kwa jina katika kila maandishi niliyosoma. Wale wenyeji nimewakuta kama "kadhaa".

Kwa hiyo mzee, kwa kuandika jina kamili la kila mkulima na kila mama wa Kinakomba, alifanya kazi ambayo hakuna mwingine angetufanyia. Hilo nilitaka kulisema. Tatizo ni kwamba naye alikuwa na "kadhaa" wake.

Kuna kijana wa bodaboda aliyefariki kwa ajali kwenye barabara ya Garsen. Alibatizwa kwetu, akaimba kwaya ya watoto, kisha akakua akaacha kuja. Mama yake aliomba jina lake liingie daftarini. Mzee akakataa. "Daftari ni la waumini," alisema, na mambo yakaishia hapo. Kila Novemba yule mama hukaa benchi la tatu kutoka mbele, akasikiliza orodha hadi jina la mwisho, akainuka akaenda zake. Na kuku wawili wa harambee yangu walitoka kwake.

Mimi pia siku hizi siingii kanisani ila nikirudi nyumbani. Nikigongwa kesho pale Githurai, mzee angeniandika upande wa nyuma? Sina hakika. Kumbukumbu ya jumuiya ina mlango, na kuna mtu anayeushika. Mzee aliushika kwa uaminifu, na mara moja, naamini, aliushika vibaya. Nikimkumbuka bila hilo, nitakuwa nakumbuka mtu mwingine anayefanana naye.

Aliyenitoa kwenye mkwamo hakuwa mwanafalsafa. Ni shangazi yangu. Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, na shangazi ni Mwislamu. Nilimpigia nikamweleza kila kitu, wa kwanza kumwambia. Akanisikiliza, halafu akasema: "Kwetu sisi mtu akizikwa, familia hutangaza. Anayemdai marehemu ajitokeze. Na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze." Akanyamaza kidogo. "Wa kwanza huwa wanakuja mbio. Wa pili, hao ndio wa kutafutwa."

Nimelifikiria tangazo hilo kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka huu. Halimwulizi mtu marehemu alikuwa mzuri kiasi gani. Linauliza kuna nini kati yako na yeye ambacho bado hakijaisha. Labda ndiyo sababu mzee aliyasoma yale majina ya kale ambayo hakuna anayeyajua: watu wale walikata miti, wakapanga matofali, wakatuachia paa la kukaa chini yake. Hatuwajui, na bado tunadaiwa. Ukiutazama ukumbusho hivi, huhitaji kuwa ulimjua marehemu. Inatosha kwamba unakalia alichokiacha.

Mama hakupenda nilipomweleza nilichotaka kusema. "Usilete mambo yako kwenye siku ya marehemu," aliniambia, na ana hoja. Ipo namna ya kuungama ambayo ni kujipamba tu: mtu anasimama kwenye msiba wa mwenzake akahakikisha kwamba machozi yote yanamwangukia yeye. Niliogopa hilo kuliko aibu. Basi nikaamua iwe fupi, na iwe na hesabu ndani yake.

Nilishuka Hola alfajiri ya Jumamosi. Jumapili nikasoma majina, la mzee likiwa la mwisho. Kisha nikasema alituandika wakati hakuna mwingine aliyejali kutuandika. Nikasema alikuwa mkali, na kwamba ukali wake uliwaumiza baadhi yetu. Nikasema: "Mimi nadaiwa naye. Mlichanga watu 41. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kwa miezi 14 nilimjibu kwamba masomo ni salama. Nawadai msamaha ninyi, yeye sina pa kumwomba." Nikakaa. Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mzee mmoja nyuma akakohoa. Kwaya ikaanza wimbo kabla ya wakati wake, nadhani kwa huruma.

Nje, yule mama wa benchi la tatu alinifuata chini ya mwembe. Nilijiandaa kwa maneno makali.

"Kwa hivyo kuku wangu unadaiwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hao kuku sitaki." Akaliangalia daftari, ambalo bado nilikuwa nimelishika. "Kalamu unayo?"

Ningependa kukuambia niliandika. Kalamu ilikuwa mfukoni na ukurasa ulikuwa na nafasi. Lakini daftari si langu, na kama kuna jambo nililojifunza kwa mzee ni kwamba jina lililoingizwa kwa siri linaweza kufutwa kwa siri. Yule kijana anastahili kusomwa mbele ya watu, na waliomwacha nje wakiwa wamekaa palepale wanasikia. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kwa muda, kama anayepima uzito wa ahadi ya mtu aliyetoka kukiri kwamba ni mwongo.

Nimewaandikia wazee wa kanisa barua, kurasa mbili. Nimewaeleza kwamba kumheshimu mzee ni pamoja na kumalizia alichokiacha kikiwa kimepinda. Baadhi wamekasirika. Mmoja amenipigia kuniuliza naongea kama nani, maana hata chuo sikumaliza. Nikamjibu naongea kama mtu anayedaiwa.

Kikao ni mwezi ujao. Nauli ya kwenda na kurudi nimeshaiweka kando.